Usingizi wa Saa Tatu

Jumamosi, 3 Machi 1956

Daftari hili nilipewa skuli mwaka ule nilioacha kazi ili niolewe, na kurasa zake zote zimebaki tupu. Leo naanza kuzijaza kwa sababu nina mpango, na mimi mpango nisiouandika hunipotea.

Mwalimu mkuu wa skuli ya wasichana ameniletea barua. Mwalimu wa darasa la tatu anahamia Pemba, na nafasi yake ni yangu nikitaka, saa mbili asubuhi mpaka saa sita, kuanzia skuli zitakapofunguliwa baada ya Idi. Nikitaka! Nimeisoma barua mara tatu, mara ya tatu nimejifungia chooni ili nicheke bila kuulizwa.

Muhiddin, mume wangu, alirudi bandarini mchana, akala, akaisoma na yeye. "Mie sina neno, Mwatum," akasema. "Ila Shaame awe na saa zake za kulala, na mama akubali kukaa nae. Mama akikataa, na mie nshakataa."

Shaame ni mwanetu, anatimiza miezi sita wiki ijayo. Mama ni Bi Mwamvua, mama yake Muhiddin, na nyumba hii ya Mkunazini tunayokaa ni yake. Nimekaa chini nikapanga. Mtoto aamke alfajiri, anyonye, acheze, alale saa tatu mpaka saa tano. Akizilala hizo saa mbili, bibi yake atabakiwa na saa mbili nyingine tu za kumshika kabla sijarudi. Hakuna bibi anayeshindwa na saa mbili. Ratiba nimeibandika ndani ya mlango wa kabati.

Jumatatu, 5 Machi

Kalala saa tatu na robo. Saa tatu na nusu Bi Mwamvua kamtia kofia, wamekwenda kumtazama mgonjwa Mbweni. Wamerudi saa saba.

Jumanne, 6 Machi

Wamekwenda kwa mzazi, aliyejifungua juzi. Mtoto wa huyo mzazi, naambiwa, alikuwa amelala.

Alhamisi, 8 Machi

Jana harusi, leo kuhani, kuwapa pole wafiwa. Bi Mwamvua hana baya na mtu, hilo nitalisema hata mbele ya kadhi. Lakini mtu akiugua, akizaa, akioa, akifa au akirudi safari, lazima aende, na hapendi kwenda mikono mitupu. Siku hizi mikono yake inajazwa na mwanangu.

Leo Shaame karudi kutoka matangani macho mekundu kama yeye ndiye mfiwa. Kalala saa kumi, kaamka magharibi, halafu kakesha. Na mimi nimekesha naye.

Jumapili, 11 Machi

Nimejikaza nikasema naye. Nilianza mbali, kama tunavyofundishwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, hivi, mtoto akilala asubuhi, si ingekuwa vyema tukamwacha mpaka aamke mwenyewe?"

Alikuwa anakuna nazi. Akageuza kifuu mkononi, akaendelea kukuna.

"Mtoto atalala," akasema. "Usingizi haujamkimbia mtu."

"Nnasema kwa sababu ya ile kazi..."

"Nshasikia habari za kazi. Muhiddin kanambia." Akainuka na kifuu chake, akaenda jikoni. Hakukubali, hakukataa. Kwa Bi Mwamvua hilo ndilo jibu gumu kuliko yote.

Jumatano, 14 Machi

Mwezi wa Shaabani umeandama. Mvua ya kwanza imenyesha alasiri, ya kutulizia vumbi tu.

Jumatatu, 19 Machi

Mvua kubwa tangu asubuhi. Vichochoro vimejaa maji, hakuna kwa kwenda, hata Bi Mwamvua kakubali. Nikasema Alhamdulillahi, leo ratiba itapata haki yake. Nikamtia Shaame kwenye bembea ya kanga niliyoifunga kwenye boriti, saa tatu juu ya alama kalala. Nikashuka kufua.

Saa tatu na dakika ishirini namsikia analia. Napanda mbio, namkuta Bi Mwamvua kasimama penye bembea, mkono bado uko juu ya uso wa mtoto.

"Kaamka," akanambia.

Kaamka! Nilitaka kumwambia kaamshwa. Nikamchukua mwanangu.

Alhamisi, 22 Machi

Siku nne nimekaa nyuma ya mlango kama askari kanzu. Siku nne ni kitu kile kile. Mtoto akishalala, haipiti robo saa, anakuja taratibu bila viatu, anatazama kushoto na kulia, anainama, anamtia mkono usoni. Shaame anashtuka na kupiga ukelele. Bi Mwamvua anambeba, anambembeleza, na wallahi anaonekana amefurahi.

Sasa nimefahamu. Ziara za wagonjwa na matanga zilikuwa kisingizio. Hataki nifanye kazi, na kwa kuwa hapendi kusema hapana, anamwamsha mtoto. Ratiba ikishindwa, nitakuwa nimeshindwa mimi. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi chakula changu nakila sahani moja naye.

Jumatatu, 26 Machi

Mvua. Mara mbili.

Jumanne, 27 Machi

Mvua. Mara tatu.

Jumapili, 1 Aprili

Nimemwambia Muhiddin. Kanisikiliza mpaka mwisho, kisha kaniuliza, "Sasa unataka nikamwambie mama asimshike mjukuu wake?" Likiwekwa namna hiyo, mimi ndiye mtu mbaya. Nimelala nimeelekea ukutani.

Mwalimu mkuu anataka jibu kabla ya Idi.

Alhamisi, 5 Aprili

Jambo la leo limenitia baridi.

Keshokutwa ni hitima ya nyumba hii, inayosomwa kila mwaka mwisho wa Shaabani kuwaombea waliotangulia. Majina yao huandikwa kwenye karatasi, na anayeongoza dua, Mwalimu Machano, huyasoma moja moja baada ya Qurani. Zamani orodha ilikuwa ikiandikwa na Mzee Mkubwa, kaka yake Bi Mwamvua, lakini yeye mwenyewe alifariki mwezi wa Novemba. Kwa hivyo Bi Mwamvua kaniita mimi. "Hati yako ya Kiarabu nzuri," akasema. "Andika kubwa kubwa, Mwalimu Machano macho hayamsaidii."

Mwaka jana sikuwepo hitimani, nilikuwa kwa mama yangu Kiembe Samaki na matapishi ya mimba. Basi nikaona ni heshima kuitwa. Nikakaa, akanitajia. Mumewe, Pandu. Baba yake. Mama yake. Shangazi zake wawili, na wengine wa ukoo. Kaka yake Mkubwa. Majina kumi na moja. Kisha akasema, "Na Shaame."

Kalamu ikasimama. Nikauliza, "Shaame yupi, mama?"

"Wewe andika tu, mwanangu. Mola wake anamjua."

Adhana ya alasiri ikaingia, akaondoka kwenda kutawadha. Mimi nikabaki na karatasi, na mwanangu Shaame amelala kwenye mkeka mbele yangu, kidole kinywani.

Nimejiuliza sana. Huenda ni uzee, amechanganya walio hai na waliokufa. Au ni lile jingine ambalo sitaki kuliandika. Kwa vyovyote, jina la mwanangu halitasomwa na maiti kumi na mmoja mbele ya watu na amin zikaitikiwa. Sikuliandika. Karatasi nimeikunja na kumpa Muhiddin ampelekee Mwalimu Machano.

Jumamosi, 7 Aprili

Hitima imesomwa baada ya alasiri. Wanaume ukumbini, sisi wanawake chumba cha ndani, mlango wazi na pazia limeshushwa. Bi Mwamvua alikaa karibu kabisa na pazia. Muhiddin alikuwa nje anapokea majamvi na sinia.

Mwalimu Machano akayasoma majina. Kila jina Bi Mwamvua alikuwa akilifuatisha kwa midomo. Alipofika kwa Mzee Mkubwa akafunga macho na kuinua kichwa, kama mtu anayesubiri kitu. Mwalimu Machano akasema, "Na waislamu wote, waume kwa wake, amin."

Bi Mwamvua hakuitikia. Akafungua macho, akalitazama pazia. Pilau ilipoletwa alisema ameshiba.

Nilifikiri nitafurahi.

Jumapili, 8 Aprili

Shaame kalala saa tatu mpaka saa tano. Saa mbili kamili! Hakuna aliyemwamsha.

Jumatatu, 9 Aprili

Saa tatu mpaka saa tano na dakika kumi. Ratiba inakwenda kama saa ya ukutani. Bi Mwamvua hajatoka chumbani kwake ila kwa sala. Jirani kaja kusema kuna kuhani, kamjibu kichwa kinamuuma. Hakuna mtu katika mji huu aliyepata kusikia Bi Mwamvua akikosa kuhani kwa kichwa.

Mimi nimeupata usingizi wa mwanangu na siwezi kula.

Jumanne, 10 Aprili

Jana kabla ya kulala nilimuuliza Muhiddin mama ana nini.

"Ndivyo anavyokuwa ikishasomwa hitima. Siku moja hivi. Safari hii imezidi."

"Kwa sababu ya baba?"

"Baba pia. Lakini zaidi ni Shaame."

Nikakaa kitandani. "Shaame gani?"

Akanishangaa. "Kaka yangu wa mwanzo. Kwani hukujua? Mwanetu tumempa jina la nani? Alikufa mchanga, hata mie sijamuona. Mama hasemi habari zake abadan, ila jina lake husomwa hitimani kila mwaka, la mwisho." Akageuka upande wa pili. "Nlidhani mama kakuhadithia. Wanawake mnahadithiana."

Shaame bin Pandu. Nilipoambiwa mtoto apewe jina hilo nilidhani ni la babu fulani, nikakubali bila kuuliza. Mtu mzima mwenye cheti cha ualimu, nikashindwa kuuliza swali moja. Nimekiondoa kitoto cha watu katika dua ya mama yake.

Alhamisi, 12 Aprili

Tumefunga leo. Mvua. Sijasema naye bado. Mimi ni mwoga.

Jumapili, 15 Aprili

Nimesema.

Ilikuwa baada ya adhuhuri. Bi Mwamvua alikaa ukumbini na ungo, anachagua mchele wa futari. Nikakaa chini mbele yake.

"Mama, ile orodha ya hitima. Jina la mwisho nililiacha mimi."

Hakuinua uso.

"Nilidhani umemtaja Shaame wangu. Niliogopa. Sikujua kuna mwengine. Nisamehe, mama."

Akaokota chuya, akaitupa. Akaokota nyingine. Nikaona vidole vyake havioni tena vinachookota, anatupa na mchele.

"Kumbe wewe," akasema. "Mie nlidhani watu washamchoka. Miaka thalathini na saba nnalisikia jina lake mara moja kwa mwaka, halitajwi siku nyengine. Safari hii kimya. Nkasema basi, kaka Mkubwa kafa, hapana tena anaemjua mwanangu ila mimi."

Nililia. Sikulia kwa adabu, nililia kama mtoto aliyepigwa, na yeye ndiye aliyenifuta kwa ncha ya kanga yake, yeye niliyemkosea. Kisha akanihadithia, bila kunitazama, macho yake kwenye mchele.

"Masika kama haya. Miezi minane, kamili. Kalala asubuhi, mvua inanyesha, nyumba imepoa. Mie nkataka kwenda kumtazama. Mkwe wangu, Mungu amrehemu, akanambia, mwache alale, mtoto akilala ndio mama nae anapumzika. Nkamwacha. Nkatwanga, nkapika, nkafurahi kwa kuwa kazi zote zimekwisha. Nlipokwenda..." Akageuza kiganja chake juu, akakiacha hivyo.

Mvua ilikuwa inapiga mabati ya uani. Nikakumbuka kiganja hicho juu ya uso wa mwanangu, na mimi nyuma ya mlango nikimhesabia. Mara mbili, mara tatu. Alikuwa anasikiliza pumzi.

"Ndio maana unakwenda nae kila pahala," nikasema.

"Mtoto alo mikononi namsikia. Alolala chumbani simsikii." Akautikisa ungo. "Siku hizi za karibuni nlimwachia Mungu. Nlichoka. Lakini sitokudanganya, Mwatum. Ukenda skuli, mie ntamwamsha. Si ubaya, mwanangu. Mkono unakwenda wenyewe."

Jumatatu, 16 Aprili

Nimeiandika barua ya kuikataa kazi. Mistari minne, hati nzuri. Nimeiweka ndani ya daftari hili.

Ijumaa, 20 Aprili

Barua bado imo humu. Kila siku nasema kesho.

Leo nimetazama jambo. Kumpa mtoto ziwa na kumweka kwenye bembea nilifanya mimi, lakini kabla hajalala Bi Mwamvua alikuja kunipa funguo, akaweka mkono kifuani mwa Shaame huku anasema nami. Tukasahau, tukasema habari za unga. Tulipotazama, Shaame alikuwa amelala chini ya mkono ule, na mkono haukumsumbua hata kidogo. Ulipoondoka ukarudi, ndipo aliposhtuka.

Kinachomwamsha si mkono. Ni mkono kuja.

Jumamosi, 21 Aprili

Nikamwambia, "Mama, usimtazame akishalala. Muweke mkono kabla, na usiuondoe."

"Saa mbili nzima?"

"Saa mbili nzima."

"Na futari itapikwa na nani?"

"Mie nipo mpaka Idi. Tujaribu."

Kajaribu. Robo saa, mkono ukamfa ganzi, kaubadilisha, mtoto kaamka. Tumecheka wote wawili, na saumu zetu.

Jumanne, 24 Aprili

Dakika arubaini. Tumeishusha bembea, sasa analala kwenye godoro dogo na yeye anakaa ubavuni, mgongo ukutani, tasbihi mkono wa kulia na Shaame mkono wa kushoto. Anasema pumzi za mtoto zinamsaidia kuhesabu.

Jumamosi, 28 Aprili

Mwalimu Machano kafuturu kwetu. Nilikuwa nimeandika karatasi nyingine, jina moja tu, kubwa kabisa: Shaame bin Pandu. Muhiddin kampa baada ya magharibi, na Mwalimu Machano kaomba dua ya peke yake kwa ajili ya jina hilo. Sisi tulikuwa nyuma ya pazia. Bi Mwamvua kaitikia amin kwa sauti hata wanaume wakanyamaza. Halafu kala. Kala tambi, kala kaimati, kanambia mchuzi wangu una chumvi nyingi. Sijapata kufurahi hivi kwa kukosolewa.

Jumamosi, 5 Mei

Saa moja na nusu. Jirani alikuja kusema fulani amefiwa, mazishi adhuhuri, wanawake wanakwenda sasa hivi. Bi Mwamvua alikuwa pale pale, mkono kifuani mwa mtoto. Akanong'ona, "Mwambie wafiwa ntawaona alasiri. Asubuhi nna kazi."

Barua yangu ya mistari minne nimeichana nikawashia jiko. Nimeandika nyingine.

Jumatano, 9 Mei

Leo Shaame katimiza miezi minane.

Sikusema kitu, na yeye hakusema. Saa tatu alikuja na mto wake, akakaa. Nilimtazama kutoka mlangoni, safari hii bila kujificha. Mkono haukuondoka, na mtoto akazilala saa zake mbili. Saa tano alipofungua macho, Bi Mwamvua akasema, "Sabalkheri, bwana," kisha akaniomba nimchukue, akaenda kusali rakaa mbili nisizojua ni za nini.

Jumamosi, 12 Mei

Idi. Wageni tangu asubuhi. Ratiba imekwenda na maji, mtoto kapakatwa na watu thelathini na mmoja. Sikuuliza.

Jumapili, 20 Mei

Kesho. Nimepiga pasi gauni, nimechonga penseli tatu. Muhiddin anasema natembea nyumbani kama bi harusi aliyepoteza kiatu.

Jumatatu, 21 Mei

Darasa la tatu lina wasichana ishirini na sita. Nimesahau majina yao yote njiani, kwa sababu tangu saa tatu akili yangu haikuwa skuli. Saa tatu, nikasema, sasa anamlaza. Saa nne, nikasema, mkono umeshamfa ganzi. Mvua ilianza saa nne na nusu, ile ya mwisho mwisho, nyumba zote zikapoa, na mimi nikawa nafundisha kugawanya bila kusikia ninachosema. Kengele ya saa sita ilipolia nilitoka kabla ya watoto.

Nyumba kimya. Nilipanda ngazi na buibui limerowa, nikafika mlangoni.

Saa zake zilikuwa zimekwisha tangu saa tano, na bado amelala chali, mikono wazi. Bi Mwamvua alikuwa kaegemea ukuta, macho yamefumbwa, tasbihi imemtoka vidoleni, mkono wake wa kushoto uko kifuani mwa mtoto na mkono haupandi wala haushuki, au mimi ndiye sikuona. Sikuona. Nikapiga magoti. Nikaunyoosha mkono wangu, umerowa na mvua, wa baridi, nikauweka penye pua ya mwanangu.

Shaame akakunja uso, akataka kulia.

Bi Mwamvua hakufungua macho. Akampigapiga kifuani kwa kile kiganja chake, pole pole, mpaka uso ukatulia.

"Mwache alale, Mwatum," akasema. "Mie niko nae."